Kukodi nyumba ya kifahari kwenye mashamba ya mizabibu ya Bordeaux: mwongozo kamili, kutoka tangazo hadi kurudisha funguo

Alhamisi moja ya mwezi Julai mpwa wangu alinipigia simu akiwa nje ya geti la chuma, karibu na Saint-Émilion, Ufaransa. "Shikamoo mjomba. Tumefika, lakini ndani kuna watu wengine, wanakula." Walikuwa watu wanane na masanduku tisa, na teksi ilikwishaondoka. Nyumba walikuwa wameilipia kweli. Ila mkataba ulisema Jumamosi hadi Jumamosi, naye alikata tiketi ya Jumatano usiku kwa sababu ilikuwa nafuu. Siku mbili zile walilala hotelini Libourne kwa pesa ambayo haikuwamo kwenye hesabu.

Tangu siku hiyo nimesaidia familia kadhaa, na makosa ninayoyaona ni yaleyale. Mmoja amelipa nyumba yote, kisha viza ikakataliwa. Mwingine amekodi nyumba ya "watu kumi", akafika akakuta vyumba vinne. Wengine wamekaa wiki nzima katikati ya mizabibu bila gari, mkate uko kilomita sita. Si kwamba hawakuwa na pesa. Walifanya la mwisho mwanzo na la mwanzo mwisho. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti za wasafiri wote, zikiwa na uhai wa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Ufaransa. Andika majina yote kwenye karatasi moja kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.
- Taarifa za benki za miezi 3 iliyopita za yule atakayegharamia safari.
- Kadi ya mkopo yenye jina la atakayeendesha gari. Kampuni nyingi za kukodisha magari hazipokei kadi ya kawaida ya benki kwa ajili ya dhamana.
- Leseni ya udereva pamoja na kibali cha kimataifa cha kuendesha gari.
- Mtu mmoja wa kufanya maamuzi. Kundi la WhatsApp la watu kumi na wanane halikodi nyumba. Mchague mmoja, mumpe mamlaka.
- Muda. Kwa safari ya Julai au Agosti, anza Desemba au Januari.

## Hatua ya 1: Chagua Jumamosi mbili

Kwenye miezi ya joto, nyumba kubwa za likizo Ufaransa hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Unapokea funguo kama saa kumi au kumi na moja jioni, na unatoka saa nne asubuhi. Kwa hiyo tarehe za nyumba ndizo zinazotangulia, tiketi ya ndege inafuata.

Julai na Agosti kuna joto, bwawa linatumika, na bei iko juu. Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba ndiyo mavuno: zabibu zinachumwa, barabara za shambani zina matrekta, na harufu ya zabibu zinazochacha iko kila mahali. Mimi napenda wiki ya kwanza ya Septemba kuliko zote. Lakini wakati huo wazalishaji wengi hawana nafasi ya kupokea wageni, basi kama lengo lako ni kutembelea mashamba, Juni ni bora zaidi.

Onyo: usiende ukitegemea utulivu wa alfajiri. Shamba la mizabibu ni mahali pa kazi. Kuna trekta refu lenye miguu linalopita juu ya mistari ya mizabibu, na kwenye miezi ya kunyunyizia dawa huanza kabla jua halijachomoza. Mwenye mtoto mwenye pumu amuulize mwenye nyumba moja kwa moja: mizabibu iko mita ngapi kutoka kwenye ukuta, na je, shamba linalimwa bila dawa za viwandani?

## Hatua ya 2: Chagua upande wa mto

Watu husema "Bordeaux" kana kwamba ni kijiji kimoja. Mashamba yametawanyika pande zote za mito Garonne na Dordogne, inayokutana na kuwa Gironde. Kosa la kukodi upande usiokufaa litakugharimu saa nyingi barabarani.

Saint-Émilion na Libourne, kama kilomita 40 mashariki mwa jiji la Bordeaux. Mji wenyewe ni wa mawe, una kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, na uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1999 pamoja na mashamba yake. Treni kutoka kituo cha Bordeaux Saint-Jean inachukua kama dakika 35, ila ni chache kwa siku. Libourne kuna soko zuri Jumanne, Ijumaa na Jumapili. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, napendekeza upande huu.

Médoc, kaskazini ya jiji, ndiko kwenye majina makubwa: Margaux, Pauillac. Barabara ya D2 inapita katikati yake. Faida yake kwa wenye watoto ni bahari ya Atlantiki upande wa pili. Bila gari, Médoc ni kifungo.

Entre-Deux-Mers, kati ya mito miwili, kuna vilima, misitu na nyumba kubwa ambazo bei yake mara nyingi ni nafuu kuliko jirani zake.

Ukishachagua upande, tafuta nyumba iliyo ndani ya kilomita 5 kutoka kwenye kijiji chenye duka la mkate. Kigezo hiki kimoja kimeokoa likizo nyingi kuliko bwawa lolote.

## Hatua ya 3: Soma tangazo neno kwa neno

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

"Château" kwenye eneo hili maana yake ni shamba la mvinyo lenye jina lake. Huenda kuna kasri, huenda kuna nyumba ya kawaida na banda la mapipa. Ukitaka jengo la kifahari lenye umbo la kale, tafuta pia neno "chartreuse": huko Bordeaux ni nyumba ndefu ya mawe, aghalabu isiyo na ghorofa ya juu, yenye madirisha marefu na bustani mbele. Kwa familia yenye bibi asiyepanda ngazi, chartreuse ni neema.

"Chai" si chai yetu ya maziwa. Ni ghala la mapipa ya mvinyo, na pipa la Bordeaux lina lita 225. Nyumba "inayotazama chai" inatazama ghala, na huenda malori yanaingia humo kila siku.

"Couchages" ni idadi ya mahali pa kulala, si vyumba. "10 couchages" inaweza kuwa vyumba vinne na makochi mawili ya kukunjua. Neno unalolitaka ni "chambres", vyumba vya kulala. Na "pièces" ni vyumba vyote pamoja na sebule.

"Salle d'eau" ni bafu la manyunyu. "Salle de bains" huwa na beseni la kuogea. Choo, "WC", mara nyingi kiko peke yake, mbali na bafu. Hesabu vyoo. Watu kumi na choo kimoja juu ni mgogoro wa asubuhi.

"Climatisation" ni kiyoyozi. Nyumba nyingi za mawe hazina. Kuta nene husaidia, lakini vyumba vya juu chini ya paa huwa tanuri mwezi Julai. Kama neno halipo kwenye tangazo, kitu hakipo.

"Piscine chauffée" ni bwawa linalopashwa moto. Uliza ni kuanzia mwezi gani, na kama kupasha kunalipiwa zaidi. Sheria ya Ufaransa ya 2003 inadai bwawa la kuchimbwa liwe na kinga dhidi ya kuzama: uzio, king'ora, kifuniko au paa. Kwa wenye watoto wadogo, omba picha ya kinga yenyewe. Mimi sikubali king'ora peke yake, kwa sababu king'ora hulia mtoto akishaanguka. Uzio humzuia asifike.

Nyota za 1 hadi 5 za nyumba ya likizo hutolewa baada ya ukaguzi na hudumu miaka 5. Nyota tano zinakuambia vifaa vipo. Hazikuambii kama kuna mpishi au mfanyakazi wa kila siku. Anasa hizo huwa kwenye orodha ya malipo ya ziada, sambamba na shuka ("draps"), taulo ("linge de toilette") na usafi wa mwisho ("ménage").

Hatua hii imekamilika pale unapoweza kuchora ramani ya nyumba kwenye karatasi na kuandika nani atalala wapi. Kama huwezi, rudi ukaulize.

## Hatua ya 4: Hakikisha nyumba ipo na mtu ni halali

Matapeli wanapenda nyumba za kifahari kwa sababu malipo ni makubwa. Fanya mambo manne.

1. Omba namba ya SIRET, yaani namba ya usajili wa biashara, yenye tarakimu 14. Mtu anayekodisha nyumba kibiashara Ufaransa anayo, na orodha yake inatazamwa bure mtandaoni.
2. Kama ni wakala, omba namba ya leseni yake inayoanza na herufi CPI, inayotolewa na chemba ya biashara.
3. Omba simu ya video, mwenye nyumba akitembea kutoka getini hadi bwawani. Mwenye nyumba wa kweli hufurahi kuionyesha.
4. Angalia namba ya akaunti ya kulipia. Akaunti ya Ufaransa huanza na FR na ina herufi na tarakimu 27 jumla. Nyumba ikiwa Saint-Émilion na akaunti ikiwa nchi nyingine, simama uulize kwa nini kabla hujatuma hata senti.

Anayekuharakisha kwa kusema kuna mteja mwingine anasubiri, mwache amchukue huyo mteja.

## Hatua ya 5: Mkataba, kabla ya pesa

Malipo ya kwanza yana majina mawili, na tofauti yake ni kubwa.

"Arrhes": ukighairi, unayapoteza, na mmeachana hapo. Mwenye nyumba akighairi, anakurudishia mara mbili. Hili liko kwenye kifungu cha 1590 cha sheria ya madai ya Ufaransa.

"Acompte": mmekwisha kufungana. Ukighairi, unaweza kudaiwa pango lote.

Kwa mtu ambaye bado hana viza, acompte ni hatari. Dai neno arrhes liandikwe kwenye mkataba.

Sasa jambo ambalo wengi wetu hatuambiwi. Ukikodi kupitia wakala mwenye leseni, sheria inamkataza kuchukua malipo zaidi ya miezi 6 kabla ya siku ya kuingia, na malipo hayo ya kwanza hayaruhusiwi kuzidi asilimia 25 ya pango. Salio halidaiwi hadi ubaki mwezi mmoja. Tuseme nyumba ni euro 7,000 kwa wiki: unatoa euro 1,750, na euro 5,250 zinabaki mfukoni mwako. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, nayo huombwa ndani ya miezi 6 kabla ya safari. Maana yake jibu la viza linaweza kufika kabla hujalipa salio. Ndiyo maana naona afadhali wakala, hata kama bei yake iko juu kidogo: mwenye nyumba binafsi hafungwi na masharti hayo, naye akikudai yote mapema ni juu yako kukataa.

Omba pia sentensi hii iongezwe kwenye mkataba, kwa Kifaransa kama ilivyo:

*En cas de refus de visa, les sommes versées seront intégralement remboursées sur présentation de la décision de refus.*

Inasema kwamba viza ikikataliwa, pesa yote inarudishwa ukionyesha barua ya kukataliwa. Wengine watakubali, wengine watagoma. Akigoma, angalau unajua kiasi unachohatarisha ni zile arrhes tu.

Kabla ya kusaini, mkataba uwe na: tarehe na saa za kuingia na kutoka; pango lote; dhamana ya uharibifu ("dépôt de garantie"), jinsi inavyochukuliwa na siku inapoachiliwa; gharama za usafi, shuka, umeme na kupasha moto; kodi ya utalii ("taxe de séjour"), ambayo hutozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, walio chini ya miaka 18 wakisamehewa; na majina ya wageni wote. Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo linaloangusha maombi ya viza, kwa sababu kila mwombaji anatakiwa aonyeshe pa kulala.

Ukiwa na mkataba uliosainiwa pande zote mbili na risiti ya malipo ya kwanza, hatua hii umeimaliza.

## Hatua ya 6: Viza

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Congo wanahitaji viza ya Schengen. Anayeishi Muscat au London kihalali huomba kule anakoishi. Aliye na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haombi tena.

Jaza fomu kwenye tovuti rasmi ya France-Visas. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Jibu la kawaida huchukua siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Omba miezi mitatu kabla.

Mambo yanayoangusha watu:

Usiku usio na malazi. Ukitua Paris Alhamisi na nyumba inaanza Jumamosi, onyesha hoteli ya usiku mbili. Hesabu usiku mmoja mmoja, kuanzia kutua hadi kuondoka.

Karatasi isiyo yako. "Attestation d'accueil" hutolewa na ofisi ya mji kwa mtu anayemkaribisha ndugu nyumbani kwake bure. Wewe unakodi kwa pesa, kwa hiyo karatasi zako ni mkataba na risiti.

Pesa ya kujikimu. Ufaransa huangalia euro 65 kwa siku kwa mwenye uthibitisho wa hoteli, na euro 120 kwa asiye nao. Kwa nyumba ya kukodi, piga hesabu ya 120 kwa kila mtu ili uwe salama. Pesa iliyoingia kwenye akaunti jana kwa mkupuo mmoja hutia shaka. Andika maelezo ya ilikotoka.

Bima. Iwe ya angalau euro 30,000, nchi zote za Schengen, siku zote za safari.

Watoto. Cheti cha kuzaliwa, na ridhaa ya maandishi ya mzazi asiyesafiri.

Tiketi ya ndege: wasilisha nafasi iliyoshikwa. Usiilipe kabla ya jibu.

## Hatua ya 7: Salio, tiketi, gari

Viza ikitoka, lipa kwa mfuatano huu: tiketi, gari, kisha salio la nyumba tarehe yake ikifika.

Kutoka Paris, treni ya kasi inaondoka kituo cha Montparnasse na kufika Bordeaux kwa saa mbili na dakika chache. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle uko upande wa pili wa jiji, kwa hiyo acha saa nne kati ya kutua na treni.

Chukua gari Bordeaux. Kama hujazoea gia za mkono, taja mapema kwamba unataka gari la gia otomatiki. Ufaransa gari huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Kwa wenzetu wa Rwanda, Burundi na Congo hilo si geni. Anayetoka Dar, Mombasa au Kampala, ajizoeze kwenye maegesho kabla ya kutoka, na akumbuke kwamba kwenye njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia ndiye anayepita kwanza. Barabara nyingi za shambani mwendo ni kilomita 80 kwa saa, na mijini 50. Kiwango cha kileo kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na glasi mbili tatu za kuonja zinatosha kukifikia. Dereva wa siku asionje.

## Hatua ya 8: Kupokea funguo

Usipokee funguo ukiwa na haraka ya kuoga. Kuna ukaguzi uitwao "état des lieux", na dhamana yako inategemea dakika hizo thelathini.

Washa simu, anza kurekodi mlangoni, taja tarehe kwa sauti. Pita kila chumba. Fungua kila bomba, washa kila jiko, kaa kwenye kila kochi. Piga picha mita ya umeme. Kwenye nyumba moja tuligundua ufa wa kidole kwenye beseni la marumaru, umefichwa na sabuni. Tuliupiga picha na kuuandikisha papo hapo. Wiki moja baadaye mtu aliyepokea funguo aliuonyesha ufa huohuo na kutaja euro 600. Nilimwonyesha karatasi yenye saini yake, mazungumzo yakaisha.

Uliza pia maswali matatu: takataka zinatenganishwaje, bwawa linafungwaje usiku, na je, kuna tangi la maji taka ("fosse septique")? Kama lipo, kitu chochote isipokuwa karatasi ya chooni hakiingii humo.

## Hatua ya 9: Kula na kuishi

Nunua chakula siku hiyo hiyo ya Jumamosi. Jumapili mchana maduka mengi vijijini yamefungwa.

Wasiokula nguruwe wala kunywa kileo wanaweza kukaa vizuri kabisa, wakijua mitego. Mchuzi wa "bordelaise" hupikwa kwa mvinyo mwekundu. Keki ndogo za "canelé", fahari ya Bordeaux, huwekwa ramu. "Lardons" ni vipande vya nyama ya nguruwe na huingizwa hadi kwenye saladi. Ukikodi mpishi, mwandikie haya wiki moja kabla. Nyama ya halali inapatikana Bordeaux mtaa wa Saint-Michel, karibu na soko la Capucins. Pita hapo ukitoka kituoni, ukiwa na begi la barafu. Macaroni za Saint-Émilion, zile za lozi, nunua mjini penyewe.

Kutembelea shamba kunahitaji miadi. Na usichume zabibu zilizo nje ya dirisha lako, hata tawi moja. Ni mazao ya mtu.

Soketi ni za pini mbili za duara, umeme volti 230. Kwa plagi zetu za pini tatu za bapa adapta zinahitajika, nne kwa familia.

## Hatua ya 10: Kurudisha funguo

Ijumaa jioni osha vyombo, toa takataka, kusanya taulo mahali pamoja, hata kama umelipia usafi. Jumamosi saa tatu asubuhi rudia video yako kwa njia ileile, chumba kwa chumba, na umalizie kwenye mita ya umeme.

Kagua nyumba pamoja na anayepokea funguo. Asipotokea, mtumie video kabla hujaondoka getini. Karatasi ya kutoka isainiwe na iandikwe "sans réserve", yaani hakuna dai. Kama dhamana ilizuiliwa kwenye kadi, omba tarehe ya kuiachilia kwa maandishi, uiweke kwenye kalenda, na siku hiyo uangalie akaunti yako.